Udongo wa Rupingazi Huishia Wapi? Jibu Liko Chini ya Bahari Hindi

Mvua kubwa ikinyesha upande wa Manyatta, Mto Rupingazi huwa mwekundu kabla haujafika mjini Embu. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba yetu. Wataalamu wa jiofizikia, elimu ya kuchunguza miamba iliyofichika kwa kutumia sauti, sumaku na nguvu ya uvutano, wamechunguza mahali ambapo safari ya udongo kama huu huishia: sakafu ya Bahari Hindi. Matokeo yao yanamhusu kila mkulima wa kaunti hii.

Kutoka mlimani hadi Kipini

Rupingazi huingia Mto Thiba, nao Thiba huingia bwawa la Kamburu kwenye Mto Tana. Kutoka hapo maji hupitia mabwawa ya Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mito ya majirani wetu wa Meru, kama vile Kathita, hujiunga na Tana chini zaidi, baada ya mabwawa hayo yote. Kisha Tana hupita Garissa na Hola na kuingia baharini karibu na Kipini.

Mabwawa haya ni ya juzi tu. Kindaruma lilianza kazi mwaka wa 1968, na Kiambere 1988. Kabla ya hapo, mto ulibeba mzigo wake bila kizuizi. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika, ambayo ilikuwa hai karibu miaka milioni 3 iliyopita na ilikuwa ndefu kuliko ilivyo leo. Mvua na barafu viliukwangua. Sehemu ya miamba yake ilioza ikawa udongo mwekundu tunaopandia majani chai na kahawa. Sehemu nyingine ilichukuliwa na mito.

Kupima kwa mwangwi

Mwanga wa jua haufiki kwenye sakafu ya bahari kuu, kwa hiyo watafiti hutumia sauti. Meli hupiga mshindo kwa hewa iliyoshindiliwa, na vifaa vya kunasa sauti vinavyokokotwa nyuma yake hupokea mwangwi. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde. Penye kina cha mita 3,000, mwangwi wa kwanza hurudi baada ya sekunde 4.

Sehemu ya sauti hupenya sakafu na kurudi ikiwa imechelewa kidogo kutoka kila tabaka lililo chini. Kutokana na uchelewaji huo, kompyuta huchora matabaka moja baada ya jingine. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mashapo, yaani tope na mchanga ulioletwa na mito kwa mamilioni ya miaka, yana unene wa kilomita kadhaa mbele ya pwani ya Lamu.

Mwaka wa 1972, meli ya utafiti Glomar Challenger ilitoboa sakafu hiyo mbele ya pwani ya Kenya, mahali penye kina cha takriban kilomita 4. Ilichimba zaidi ya kilomita 1 ndani ya mashapo na kufikia matabaka ya enzi za dinosaria.

Mashapo na mipaka ya nchi

Unene wa mashapo una uzito kisheria pia. Chini ya Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa, ni mojawapo ya vipimo ambavyo nchi inaweza kutumia kudai haki ya sakafu ya bahari zaidi ya maili 200 za baharini kutoka ufukweni. Kenya iliwasilisha dai lake mwezi Mei 2009, likitegemea hoja ya mashapo. Kwa maneno mengine, kilichobebwa na mito kwa mamilioni ya miaka kimekuwa ushahidi wa taifa.

Kasi imebadilika

Hata hivyo, mmomonyoko wa leo si ule wa kale. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulipima madini ya bariamu katika tumbawe la Malindi lililohifadhi kumbukumbu ya miaka 300 hivi. Bariamu hufika baharini pamoja na udongo. Tumbawe hilo lilionyesha kwamba udongo ulioletwa na Mto Sabaki uliongezeka sana katika karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipokuwa ikifunguliwa kwa kilimo.

Mto huo si wetu, lakini somo ni letu. Udongo huchukua karne nyingi kuundwa, na mvua moja inaweza kuuondoa. Ukishafika Kamburu, hupunguza nafasi ya maji ya kuzalisha umeme. Ukishafika baharini, haurudi.

Hatua za kuchukua

Wakazi wenye mashamba ya miteremko wanahimizwa:

• Kuchimba matuta ya fanya juu yakifuata usawa wa mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu.
• Kupanda nyasi ya nepia kwenye kingo za matuta. Hushika udongo na kulisha ng'ombe.
• Kutolima hadi ukingo wa mto, na kuacha miti na nyasi za asili mahali hapo.
• Kuacha mabua shambani baada ya mavuno ili yafunike ardhi.

Matuta yachimbwe wakati wa kiangazi, kabla ya mvua ya Machi na ya Oktoba. Kwa ushauri wa kupima mteremko, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.