Rudi Alhamisi

Mama wa Masinga au Yatta asipompeleka mwanawe kuchanjwa surua, tunakimbilia kusema hajali, au amemezwa na uvumi. Uvumi upo. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki walitilia shaka chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake, na mwaka uliofuata wakaipinga kampeni ya polio. Lakini hapa Machakos naona kikwazo kisichozungumzwa kimo ndani ya kichupa chenyewe.

Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu, kwa kawaida dozi 10 katika kichupa kimoja. Muuguzi akishauchanganya na maji yake maalumu, kinachobaki baada ya saa 6 lazima kitupwe, kwa kuwa hakina dawa ya kuzuia vijidudu. BCG, chanjo ya kifua kikuu, nayo ni hivyo hivyo. Penta, chanjo ya magonjwa matano, ni ya maji. Kichupa kilichofunguliwa kikitunzwa vyema kwenye baridi hutumika hadi siku 28. Ndiyo maana mtoto wa wiki 6 huchomwa penta siku yoyote, ila mama wa mtoto wa miezi 9 aliyemleta kwa surua huambiwa, "Mama, leo mko wawili tu. Rudi Alhamisi."

Muuguzi hana nia mbaya. Anaogopa kumwaga dozi 8 kisha aulizwe zilikokwenda, hasa baada ya kuona BCG na polio zikiadimika nchini katikati ya 2025. Mama naye ana hesabu yake: nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, kibarua alichokiacha, maji ambayo hayajachotwa. Alhamisi ikigongana na siku ya soko, harudi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Naliunga mkono kabisa: dozi zitakazomwagwa zitengewe bajeti tangu mwanzo, maana kumtibu mtoto wa surua wodini ni ghali zaidi, na wengine hawaponi.

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Kenya na Uholanzi walizifuatilia familia za Matungulu na Mbiuni, hapa hapa Machakos, nyumba kwa nyumba, wakichunguza surua na kifaduro. Wahudumu wa afya ya jamii wa leo wanaweza kupita hivyo hivyo, wakague vitabu vya kliniki, wawaite watoto wa miezi 9 na wa miezi 18 waje kuchanjwa surua siku moja. Na mjamzito aliyemsindikiza mwenzake achomwe ya pepopunda papo hapo. Hiyo ni ya maji, haina haja ya kungoja watu kumi.