Skeleton and Roses

Skeleton and Roses, yaani "Mifupa na Mawaridi", ni bango la muziki lililobuniwa mwaka 1966 na wasanii wa Marekani Alton Kelley na Stanley Mouse kwa ajili ya bendi ya rock ya Grateful Dead. Linaonyesha mifupa ya binadamu iliyosimama, ikiwa imevikwa taji la mawaridi. Mwaka 1971 picha hiyo ilitumika tena kwenye jalada la albamu ya bendi, na tangu hapo imekuwa mojawapo ya alama zake kuu.

Asili ya picha

Kelley na Mouse hawakuanza na karatasi tupu. Picha ya awali ilichorwa na Mwingereza Edmund Joseph Sullivan (1869–1933) kwa wino mweusi, ili kupamba tafsiri ya Kiingereza ya Rubaiyat, mashairi ya Omar Khayyam wa Uajemi. Toleo lenye michoro yake lilitolewa mwaka 1913. Mashairi hayo yanakumbusha kwamba maisha ni mafupi na raha yake haidumu. Ndiyo sababu maua na mifupa vimewekwa pamoja.

Kelley aliiona picha hiyo katika kitabu cha maktaba ya umma ya San Francisco. Ililingana na jina la bendi, ambalo maana yake ni "wafu wenye shukrani". Jina hilo linatokana na ngano za kale kuhusu marehemu anayemlipa fadhila mtu aliyegharamia mazishi yake.

Ubunifu wa bango

Bango lilitangaza maonyesho ya tarehe 16 na 17 Septemba 1966 katika ukumbi wa Avalon Ballroom mjini San Francisco, yaliyoandaliwa na kundi la Family Dog. Kelley, aliyewahi kuwa fundi wa mitambo, alikuwa hodari wa kutafuta picha na kupanga ukurasa. Mouse alikulia Detroit, ambako alijulikana kwa kuchora fulana za wapenzi wa magari. Kazi ya mkono, hasa herufi, ilikuwa yake zaidi.

Wawili hao waliutia mchoro wa Sullivan rangi, wakayafanya mawaridi kuwa mekundu, na kuuzungushia maandishi ya kuchorwa kwa mkono. Katika mabango mengi ya San Francisco ya miaka hiyo herufi zilipindwa na kuvutwa mpaka zikajaza nafasi. Mpita njia alilazimika kusimama na kutazama kwa makini ili ajue nani anapiga, wapi na lini.

Jalada la albamu

Mwaka 1971 Grateful Dead walitoa albamu ya santuri mbili iliyorekodiwa jukwaani. Jina walilotaka kuipa lilikuwa la matusi, na kampuni ya Warner Bros. ililikataa. Albamu ikatoka ikiwa na jina la bendi peke yake. Kwa kuwa bendi ilikuwa na albamu nyingine yenye jina hilohilo, ya mwaka 1967, mashabiki waliitambua hii kwa jalada lake, wakaiita Skull and Roses, yaani "Fuvu na Mawaridi". Hivyo picha ikafanya kazi ya jina.

Umuhimu

Bango lililotengenezwa kwa usiku mbili tu liliipa bendi sura iliyotumika kwa miongo kadhaa. Waridi lilirudi katika kazi nyingine za Kelley na Mouse, kama vile jalada la American Beauty (1970) na bango la onyesho la kufunga ukumbi wa Winterland tarehe 31 Desemba 1978.

Kazi hiyo pia hutumika kama mfano katika mjadala kuhusu umiliki wa sanaa. Umbo la mifupa na mawaridi ni la Sullivan. Rangi, herufi na wazo la kulihusisha na bendi ni vya Kelley na Mouse. Sullivan alifariki miaka 33 kabla ya bango kuchapishwa, na wengi wanaoitambua picha yake hawalijui jina lake.