Kiti Kisicho na Mshahara

Katika wadi ya Kinondo, kusini ya Diani, kipo kijiji cha Gazi, ambacho ghuba yake imezungukwa na mikoko. Wageni hufika kutembea juu ya njia ya mbao inayoendeshwa na kina mama wa kijiji, wakaitazama mizizi iliyojishika matopeni, kisha wakaenda zao. Ni wachache wanaouliza swali tulilolichukua wiki hii: ni nani wanaoketi kuisimamia mali hii ya watu wote, nao hupata nini?

Swali hili linagusa nyumba zetu. Binti zetu na vijana wetu wamesoma uhasibu, sheria, uuguzi na ualimu. Wengi hujiunga na jumuiya za vijana wenye taaluma ili wajuane na kupashana habari za kazi, na hilo ni jema. Kisha siku moja binti huombwa aingie katika bodi, kwa kujitolea. Hapo mjadala huanza nyumbani. Mama huuliza, “Mwanangu, utafaidi nini huko?” Baba huhofia jina la familia endapo fedha zitapotea. Hofu zote mbili ni za haki, na zinastahili majibu.

Tuitazame Gazi. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni waliuanza mradi wa Mikoko Pamoja, wakisaidiwa na watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye kituo papo hapo Gazi. Wanalinda hekta 117 za mikoko. Mkoko huivuta hewa ya ukaa na kuihifadhi, sehemu kubwa ikiwa ndani ya tope lililo chini yake. Hewa iliyozuiliwa hupimwa, yapata tani 3,000 kwa mwaka, na watu na makampuni ya mbali hulipa ili ulinzi huo uendelee. Mwaka 2017 mradi huu ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Fedha zinazopatikana si nyingi zikigawanywa kwa vichwa; kila nyumba ingepata kidogo tu, na kidogo hicho kingekwisha kwa siku chache. Zikikusanywa pamoja, zimeleta maji safi na kuzisaidia shule. Wanaosimamia ni kamati iliyochaguliwa na wanavijiji wenyewe, watu wanaotumikia kwa kujitolea, na matumizi hujadiliwa mbele ya watu barazani. Hapa ndipo lilipo jibu la mama. Faida ya kiti hiki haiingii mfukoni mwa mwenye kukikalia. Inaonekana katika ndoo ya jirani na katika daftari la mtoto wa shule.

Ama hofu ya baba, wahenga walishaijibu: mali bila daftari hupotea bila habari. Nayo aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur’ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, liwe dogo au kubwa. Dini yetu haikuona kuwa maandishi ni dalili ya kutoaminiana. Imeyafanya kuwa kinga ya undugu. Ndugu wawili walioandika hawana cha kugombania.

Tunakumbuka pia kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, alipoomba kusimamia hazina za Misri. Alitaja sifa zake mbili: kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye kujua. Mwanabodi anazihitaji zote mbili. Mwenye elimu asiye mwaminifu ataficha shimo ndani ya hesabu. Mwaminifu asiyejua hesabu hataliona shimo hilo, na siku litakapogunduliwa, sahihi yake itakuwa pale chini ya karatasi pamoja na za wengine. Ndiyo maana tunasema vijana waliosoma wanahitajika katika kamati za vijiji, misikiti, madrasa na shule zetu, waketi pamoja na wazee wanaojulikana kwa uaminifu.

Basi kwako binti uliyeombwa, kabla hujakubali, omba kuisoma katiba ya kikundi. Uliza akaunti ya benki ina watia sahihi wangapi, na taarifa yake husomwa na nani. Uliza muda wa kutumikia ni miaka mingapi, kwani kiti kisicho na mwisho humchosha mwema na kumharibu dhaifu. Ukishaingia, soma kumbukumbu za kila mkutano kabla ya kuzithibitisha. Usitie sahihi juu ya karatasi usiyoisoma, hata akikuletea mtu umheshimuye. Mwambie kwa adabu, “Niachie, mzee wangu, nitaisoma usiku huu.”

Na kwenu wenye nyumba: mikutano mingi hufanyika alasiri, saa ambazo maji hayajatekwa na chakula cha jioni hakijapikwa. Mwanamke akiitwa kikaoni huku hakuna wa kumshikia kazi, kiti chake kitabaki kitupu, na uamuzi utapitishwa bila yeye. Mume, kaka au wifi atakayemshika mtoto kwa saa mbili naye ameshiriki katika kheri ile.

Mikoko ya Gazi imesimama kwa sababu yupo aliyekubali kuketi, kuhesabu na kuuliza, bila malipo. Allah awajaalie wanaobeba amana zetu uaminifu na ujuzi, na atujaalie sisi kuwasaidia. Amin.