Mto Ukitulia, Sumu Haijaondoka

Mama mmoja kutoka Mukuru alimleta mwanawe kwangu akilalamika tumbo na kukosa hamu ya chakula. Nilipomuuliza kuhusu maji, alinijibu: "Daktari, ya mto nachemsha kwanza ndipo nioshe sukuma wiki. Tena huu ni wakati wa kiangazi, maji yametulia, ni maangavu."

Msomaji mpendwa, huenda nawe waamini hivyo. Kuchemsha huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini madini mazito kama risasi, kadimiamu na kromiamu hayaondolewi na moto. Maji hugeuka mvuke, madini yakabaki sufuriani.

Utulivu wa mto nao hudanganya. Mto Ngong hupitia Eneo la Viwanda jijini Nairobi kabla ya kuungana na Mto Nairobi. Wakati wa kiangazi maji hupungua, ilhali viwanda havifungwi. Uchafu uleule hupata maji machache ya kuuzimua. Madini mengine hushikamana na chembe za udongo, yakatua na kurundikana kwenye tope.

Masika yakianza, mvua za kwanza huosha barabara na majaa, na nguvu ya maji hukoroga tope hilo. Sumu iliyotua kwa miezi mingi husafiri tena. Mto ukifurika, kama ilivyokuwa Aprili na Mei 2024, tope huachwa mashambani na katika nyua wanamochezea watoto.

Hatari kubwa ni risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kisicho na madhara. Mnamo 2007, uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kando ya jaa la Dandora ulionyesha kuwa nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu.

Ufanye nini basi? Usinyweshe wala kuosha mboga kwa maji ya mto, yawe maangavu au ya matope. Kuosha kwa maji ya mfereji huondoa tope la juu tu, si sumu iliyofyonzwa na mizizi, kwa hivyo uliza mboga zimelimwa wapi. Baada ya mafuriko, ondoa tope nyumbani likiwa bichi, kabla halijawa vumbi. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wapate maziwa na maharagwe, kwani mwili wenye upungufu wa chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi.

Ikiwa mwanao anaumwa tumbo mara kwa mara au amezorota masomoni, mwambie daktari unapoishi na umwulize kuhusu kupima risasi katika damu.