Je, Inajuzu Kumhoji Mtawala Juu ya Mapatano ya Kivita?

Swali hili huulizwa mara nyingi misikitini: serikali ikitaka kufungamana kijeshi na dola nyingine, je, Mwislamu anyamaze kwa hoja ya kumtii mwenye mamlaka, au anayo haki ya kuuliza?

Turejee Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Masharti ya suluhu yalipowekwa, Sayyidna Umar (r.a.) hakuridhika nayo. Alimwendea Mtume (s.a.w.) na kumuuliza waziwazi: ikiwa sisi tuko juu ya haki, kwa nini tukubali unyonge katika dini yetu? Kisha akamwendea Abubakar (r.a.) na swali lile lile. Na aliyeulizwa kwanza alikuwa akiteremshiwa wahyi! Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alimjibu, hakumwadhibu, na iliposhuka Suratul Fat-h alimwita akamsomea. Ni kweli kwamba Umar baadaye alijutia ukali wake, akawa akifunga na kutoa sadaka. Lakini alijutia namna alivyomkabili Mtume wa Allah, na hakuna mtawala wa leo mwenye daraja hiyo.

Ndani ya suluhu ile mlikuwa na sharti ambalo wengi hulipita haraka: kila kabila liko huru kufungamana na upande liutakao. Khuzaa wakaingia upande wa Mtume (s.a.w.), Banu Bakr upande wa Maquraishi. Mwaka wa 8 Hijria Banu Bakr waliwavamia Khuzaa kwa msaada wa Maquraishi. Amr bin Salim akaja Madina kudai ahadi, na jeshi likatoka kwenda Makka. Ndiyo maana ya ufungamano: ugomvi wa mwenzako unakuwa wako.

Qur-aan nayo imeuwekea mpaka. Katika Suratul Anfal, aya ya 72, Waumini wanaoomba nusura katika dini wasaidiwe, isipokuwa dhidi ya watu ambao tuna ahadi nao. Basi anayeuliza "tutamsaidia nani, dhidi ya nani, na ahadi za zamani zitakuwaje?" anauliza swali la fiqhi, si la uasi.

Uturuki waliliuliza. Tarehe 1 Machi 2003 bunge lilipigia kura ombi la kuruhusu majeshi ya Marekani kuingia Iraq kupitia ardhi yao. Walioafiki ni 264, waliopinga 250, na 19 hawakuelemea popote. Ombi likaanguka kwa kukosa kura 3 tu za kutimiza wingi uliotakiwa. Tarehe 20 mwezi huo huo lilikuja ombi jingine, la kutumia anga, nalo likapitishwa.