Je, Wajua? Liemba na Meli za Kitalii Zimetoka Kiwanda Kimoja

Huku Nchelenge, Ziwa Mweru huvukwa kwa boti za mbao, abiria wakiketi juu ya magunia ya chisense, dagaa wetu wakavu, wakielekea visiwa vya Kilwa na Chisenga. Meli ya kitalii hatunayo. Lakini MV Liemba, inayojulikana sana bandarini Mpulungu, Ziwa Tanganyika, ilijengwa 1913 na Meyer Werft ya Papenburg, Ujerumani. Leo kiwanda hicho huunda meli za kitalii zenye urefu unaozidi mita 300! Ili zifike baharini kutoka Papenburg, Mto Ems huchimbwa mara kwa mara, na tangu 2002 lango la mto huo huko Gandersum hufungwa ili maji yapande. Matokeo yake tope limezidi, na kiangazi oksijeni hupungua mno hadi samaki hushindwa kuishi. Kwa sisi tunaoishi kwa samaki, hiyo ni hasara isiyovumilika.