Thimlich Ohinga: Kijiji cha mawe kisichojua saruji

MSAFIRI anayetoka mjini Migori husafiri kilomita 46 hivi kuelekea kaskazini magharibi kabla ya kuziona kuta za Thimlich Ohinga. Ziko kwenye mteremko wa kilima katika eneo la Nyatike, kusini mwa Bonde la Lambwe, si mbali na ufuo wa Ziwa Victoria.

Neno 'ohinga' kwa Kidholuo ni boma lililozungushiwa ukuta, na 'thimlich' ni msitu mnene wa kutisha. Leo msitu huo umepungua sana, lakini jina lingali linamweleza mgeni kwa nini wakazi wa kale waliona haja ya kujifungia ndani ya mawe. Nje kulikuwa na wanyama wakali, na kulikuwa pia na majirani waliotamani ng'ombe wa wenzao.

Inakadiriwa kwamba kuta hizi zilijengwa katika karne ya 16. Zipo zinazofika urefu wa mita nne na zaidi, na unene wake ni kama mita moja. Hazina saruji, chokaa wala udongo. Hata mawe yenyewe hayakuchongwa. Yaliokotwa vilimani yakapangwa jinsi yalivyo.

Siri ya uimara wake imo katika mpango wa safu tatu. Mafundi walipanga safu ya nje na ya ndani kwa mawe makubwa yaliyoshikana, kisha wakajaza katikati mawe madogo yanayozifunga safu hizo mbili pamoja. Ukuta nao haukunyooshwa, bali ulipindwapindwa, na mahali penye udhaifu pakawekewa mawe ya kuegemeza.

Huko Hispania, vijiji vyeupe vya milimani karibu na bahari, kama Mijas na Frigiliana, huvutia umati wa watalii, na kuta zake hupakwa chokaa tena na tena ili zisififie. Wenyeji wangali wanaishi humo. Thimlich haina wa kuipaka chochote, wala haikuhitaji. Kwa maoni ya mwandishi huyu, Mkenya anayejua picha za vijiji hivyo kuliko anavyoijua Nyatike amejinyima mengi.

Maboma makubwa hapa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Silabi 'ka' au 'ko' mwanzoni mwa jina humaanisha 'kwa', kama tusemavyo kwa Ochieng au kwa Oketch. Kwa hiyo kijiji kilihesabiwa kwa koo, na kuta zilitenganisha watu kwa nasaba kama zilivyowatenga na adui.

Milango ni mifupi na myembamba, imefunikwa juu kwa mawe mapana. Mgeni huinama ili apite, na hapo ndipo ujanja wa wajenzi unapodhihirika: adui aliyeingia kichwa mbele hakuweza kuinua mkuki, ilhali mlinzi alimsubiri ndani.

Nyumba za udongo na nyasi zilioza zamani. Kilichobaki ni alama za misingi yake, zizi za mifugo, mawe ya kusagia nafaka, na jiwe lenye vishimo vya mchezo wa bao, ambao Waluo huuita ajua. Upande wa Kochieng kuna pia mahali ambapo wahunzi walifua chuma. Hivyo ngome hii ilikuwa kijiji kamili, chenye kazi na starehe zake.

Thimlich haikuwa peke yake. Watafiti wamehesabu maboma ya namna hii zaidi ya 500 katika eneo hili la ziwa, na desturi ya kuyajenga iliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Mengi yamebomoka. Hii ndiyo kubwa kuliko yote na iliyohifadhika vizuri zaidi.

Serikali iliitangaza kuwa turathi ya kitaifa mwaka 1981, na iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Juni 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, Unesco iliiingiza katika orodha ya Turathi za Dunia.

Hadhi hiyo haiuzuii ukuta kuanguka. Mizizi ya miti husukuma mawe, nao mifugo na watu wanaopanda juu huyalegeza. Kwa kuwa hakuna kinachoyagandisha, jiwe moja likitoka katika safu ya nje, mawe madogo ya katikati huanza kumwagika na sehemu nzima huporomoka. Kukarabati kwa saruji kungekuwa rahisi, lakini kungeua kile kile kinachohifadhiwa; lazima mawe yarudishwe kwa mikono, kwa ufundi ule ule wa kale, na ufundi huo hubaki hai pale tu wazee wanapowafundisha vijana.

Kwa sababu hiyo mgeni asipande ukutani kupiga picha, wala asichukue jiwe la ukumbusho. Avae viatu imara, abebe maji na kofia, kwani jua la Nyatike ni kali. Mwenye siku ya ziada anaweza kuendelea hadi Mbuga ya Kitaifa ya Ruma katika Bonde la Lambwe, ambako mbung'o na ugonjwa wa malale viliwahi kuwafukuza watu, na ambako leo wanaishi korongo, swala wakubwa ambao ni nadra mno kuonekana kwingineko nchini.